Mkoloni bado yumo darasani



Najua utaniuliza: sisi tulioishia sekondari, mambo ya chuo kikuu yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Hakimu atakayekuhukumu, daktari atakayekutibu na bwana mkubwa anayekufokea ofisini, wote wamepikwa huko, tena kwa kodi yako. Aliyefundishwa kwa vitisho, naye hutawala kwa vitisho.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London. Makerere na Nairobi nao walipitia mlango huo huo. Mhadhiri anajua yote, mwanafunzi anameza. Leo mhadhiri ni Mwafrika mwenzetu, lakini kumeza ni kule kule.

Wapo waliokataa. Oktoba 1968, pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hawakusema Shakespeare achomwe moto. Walisema Afrika iwekwe katikati, pamoja na masimulizi ya bibi zetu, wengine wafuate. Ubishi ulikuwa mkali, lakini Idara ya Fasihi ikazaliwa.

Mwaka 1977 Ngũgĩ akaenda mbali zaidi. Kijijini Kamĩrĩthũ, Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kigikuyu. Wakulima na vibarua wakausahihisha, na wasomi wakakubali kufundishwa. Serikali ikaupiga marufuku, na Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa na kutiwa kizuizini bila kesi. Jiulize: kwa nini dola iliogopa darasa ambalo mkulima anaruhusiwa kusema?

Na hapa kwetu je? Mlimani, masomo ya Kiswahili yanafundishwa kwa Kiswahili miaka nenda rudi, na wasomi wanatoka. Lakini nenda kwenye sheria, udaktari au uhandisi. Kijana ana swali zito, analimeza kwa kuogopa kuchekwa Kiingereza chake. Swali lililomezwa leo, kesho litamgharimu mgonjwa.

Hatudai chuo cha mteremko. Tunadai mwanafunzi aulize kwa lugha anayofikiria, ajibiwe bila kudhalilishwa, na mtihani upime akili, si kukariri.

Nawe wa kijiweni una kazi. Mdogo wako akirudi likizo, usimuulize amepata alama ngapi tu. Muulize ni swali gani amemuuliza mhadhiri wake. Akikosa jibu, jua pa kuanzia.