UCHAGUZI WA RUTA YA INTANETI KWA MATUMIZI YA NYUMBANI NA MICHEZO: MAELEZO KWA WAKAAZI WA WILAYA ZA MBULU NA HANANG

(Matini kamili ya mazungumzo kwa wananchi)

Mada ya leo ni uchaguzi wa ruta, yaani kile kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa ndani ya nyumba bila ya waya. Maelezo haya yanawahusu wakaazi wote wa Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara. Aidha yanawahusu wananchi wa Unguja na Pemba walioko huko kwa kazi, biashara au masomo, pamoja na jamaa zao waliobaki Visiwani ambao mara nyingi ndio wanaotakiwa kuchangia fedha za ununuzi.

Sababu ya kuizungumza mada hii ni kwamba wananchi wengi hupoteza fedha. Mkulima huuza ngano au maharage, mtumishi hukopa katika chama cha akiba na mikopo, kisha fedha hizo hutumika kununua ruta yenye antena nane na maandishi mekundu juu ya boksi yanayosema kuwa imetengenezwa kwa ajili ya michezo. Ikifikishwa nyumbani, mchezo unakatika kama ulivyokuwa ukikatika, na somo la mtoto halifunguki. Kosa huwa si la ruta. Kilichonunuliwa si dawa ya maradhi yaliyopo.

NJIA MBILI ZISIZOFANANA

Mwananchi anapaswa kwanza kutenganisha mambo mawili. Kuna njia ya intaneti inayotoka nje kuja nyumbani, na kuna njia inayotoka kwenye ruta kwenda kwenye simu, kompyuta au runinga. Ruta hutawala njia hii ya pili. Maji yakiwa hayatoki bombani, kununua pipa kubwa zaidi hakuongezi maji.

Kwa hiyo, iwapo njia ya nje inaleta megabiti 5 kwa sekunde, ruta iliyoandikwa megabiti 3,000 itatoa megabiti zile zile 5. Tarakimu iliyo juu ya boksi ni jumla ya uwezo wa mawimbi ya ndani, tena katika hali ya maabara. Haina uhusiano na intaneti anayoilipia mwananchi.

HALI YA WILAYA HIZI MBILI

Wilaya ya Mbulu iko katika nyanda za juu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na ardhi yake ina vilima na mabonde mengi. Wilaya ya Hanang imetawaliwa na Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400, na mji wa Katesh umekaa chini yake. Maumbile haya ni neema kwa mvua na kilimo, lakini kwa mawimbi ya simu ni kizuizi. Nyumba mbili za kitongoji kimoja zinaweza kutofautiana kabisa: moja ikauona mnara wa simu uso kwa uso, nyingine ikawa nyuma ya kilima na isipate kitu.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ya kujenga minara vijijini ambako makampuni yasingekwenda kwa hiari yao. Hata hivyo mnara haupandi mlima kumfuata kila mtu, na jukumu la kuyatafuta mawimbi nyumbani hubaki kwa mwenye nyumba.

Katika miji ya Mbulu, Katesh na Haydom, mwananchi aanze kwa kuuliza katika ofisi za watoa huduma iwapo waya wa nuru umefika mtaani kwake. Ukiwepo, huo ndio wa kuchukuliwa kwanza. Usipokuwepo, kama ilivyo katika vijiji vingi, njia iliyo wazi ni ruta inayotumia laini ya simu ya 4G.

MAMBO YA KUZINGATIA KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, mawimbi yapimwe kabla ya fedha kutoka. Mwananchi achukue simu ya 4G, azime laini zake aweke laini ya kila kampuni kwa zamu, kisha apime kasi akiwa sebuleni, dirishani na nje ya nyumba. Kipimo kifanywe asubuhi na kirudiwe saa mbili usiku, wakati watu wengi wanapotumia mnara mmoja. Kampuni inayosifiwa Arusha au Dar es Salaam siyo lazima iwe bora Dongobesh au Bassotu. Simu nyingi huonesha pia nguvu ya mawimbi kwa tarakimu za hasi: hasi 80 ni nzuri, na hasi 110 ni dhaifu.

Pili, penye mawimbi dhaifu itafutwe ruta yenye matundu ya kufungia antena ya nje. Antena iliyowekwa juu ya mlingoti na kuelekezwa kwenye mnara huleta faida kubwa kuliko ruta ya bei mara tatu iliyowekwa kabatini. Waya wa antena uwe mfupi kadiri inavyowezekana, kwani waya mrefu hula mawimbi njiani.

Tatu, ruta iwe imefunguliwa kwa kampuni zote. Ruta nyingi za bei nafuu zimefungwa zisikubali ila laini ya kampuni moja. Mtumishi akihamishwa kutoka Mbulu kwenda Hanang, na kampuni hiyo ikawa dhaifu huko, kifaa chake huwa pambo la mezani.

Nne, ruta iwe na mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya kwanza hufika mbali na hupenya ukuta wa matofali vizuri zaidi, lakini ina njia tatu tu zisizoingiliana, yaani namba 1, 6 na 11. Ya pili ina kasi zaidi na msongamano mdogo, ila hudhoofika haraka inapokutana na kuta. Kizazi cha tano cha Wi-Fi, kilichotoka mwaka 2013, kinatosha kwa nyumba nyingi. Kizazi cha sita kina manufaa pale vifaa vinapokuwa vingi. Kizazi cha saba, kilichoanza kuthibitishwa mwaka 2024, hakina kazi katika nyumba yenye megabiti 5.

Tano, kifaa kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Wananchi watakumbuka kuwa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, na waliozinunua kwa bei ya kutupa wakabaki na vipande vya plastiki. Wahenga wamesema rahisi ghali.

KUHUSU MICHEZO YA KOMPYUTA

Vijana hudai kuwa mchezo unataka intaneti kubwa. Ukweli ni kwamba mchezo wenyewe, unapochezwa, hutumia kiasi kidogo sana, aghalabu chini ya megabiti moja kwa sekunde. Kinachotakiwa ni wepesi wa kwenda na kurudi, ambao hupimwa kwa milisekunde. Chini ya 50 mchezo huenda vyema. Zikizidi 100 mchezaji huanza kuona kuwa amepigwa kabla ya kumwona adui.

Hapa kuna jambo lisiloweza kununuliwa dukani. Nuru husafiri ndani ya waya kwa takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Ikiwa kompyuta inayoendesha mchezo iko Ulaya, na urefu wa waya ni kilometa 10,000, basi kwenda na kurudi ni milisekunde 100, hata kama kila kitu kingine ni kamilifu. Hakuna ruta inayoweza kuupunguza umbali huo. Kijana achague ndani ya mchezo kituo kilicho karibu zaidi na Afrika Mashariki, na jambo hilo halina gharama.

Kuna ucheleweshaji mwingine ambao ruta inaweza kuuondoa, nao ni wa foleni. Mfano, njia ya kupeleka ina megabiti moja kwa sekunde, na mama wa nyumba anatuma picha za harusi kwa jamaa zake Wete. Ruta ya kawaida huzipokea picha hizo na kuzipanga foleni. Foleni ikifika kilobaiti 250, huhitaji sekunde 2 nzima kumalizika, na amri ya mchezo wa kijana husimama nyuma yake, sawa na mgonjwa aliyekwama nyuma ya magari ya mizigo. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani unapozuka, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Dawa ni ruta yenye uwezo wa kusimamia foleni, ikawekewa kikomo cha asilimia 80 hadi 90 ya kasi iliyopimwa. Kwa laini ya 4G, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, kikomo kiwe chini zaidi. Hiyo ndiyo sifa inayostahili kulipiwa na mwenye kupenda michezo, kuliko wingi wa antena. Aidha, kompyuta ya mchezo iunganishwe na ruta kwa waya. Waya wa kawaida hufanya kazi hadi meta 100, na hauingiliwi na ukuta wala na ruta ya jirani.

Wazazi watambue pia kuwa kupakua mchezo ni jambo tofauti na kuucheza. Mchezo wa gigabaiti 50, kwa njia ya megabiti 5, huchukua takriban saa 22 na huweza kumaliza kifurushi cha mwezi kwa siku moja. Ruta inayoweka kikomo cha matumizi kwa kila kifaa, na kukifunga kwa saa, humsaidia mzazi kuhakikisha kuwa somo la skuli halikosi nafasi kwa sababu ya mchezo.

MAHALI PA KUIWEKA RUTA

Ruta ya 4G iwekwe dirishani upande wa mnara, juu kiasi cha kimo cha mtu, mbali na friji na makabati ya chuma. Nyumba zilizoezekwa kwa mabati huzuia mawimbi yanayotoka juu, hivyo kuiweka ruta darini juu ya mabati ya ndani au karibu nayo siyo shauri jema. Ikiwa nyumba ni ndefu, ruta ya pili iliyounganishwa kwa waya ni bora kuliko kifaa kinachorudia mawimbi hewani.

UMEME NA RADI

Ruta nyingi hutumia volti 12 na wati zisizozidi 12. Betri ndogo ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7 inaweza kuiendesha kwa saa kadhaa umeme unapokatika, iwapo kutakuwa na kifaa cha kudhibiti volti. Wenye umeme wa jua wanaweza kuiunganisha bila ya kupitia kigeuzi kikubwa, na hivyo kuokoa umeme.

Jambo hili si la anasa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na maeneo ya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika siku kama hizo jamaa walio mbali hutaka kusikia sauti tu, na nyumba yenye ruta inayowaka gizani huwa msaada kwa mtaa mzima.

Wakati wa masika, ruta na waya wa antena vichomolewe radi inapokaribia. Mlingoti wa antena ufungwe waya wa ardhini. Kinga ya umeme wa ukutani peke yake haizuii radi inayoingia kwa njia ya antena.

USALAMA NA SHERIA

Neno la siri lililokuja na ruta libadilishwe siku ya kwanza, la mtandao na la mipangilio pia. Uchaguliwe ulinzi wa aina ya WPA2 au WPA3. Wageni na majirani wapewe mtandao wa wageni, siyo ule wa familia.

Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole. Akitokea mpita njia akatumia mtandao wa nyumba kutenda kosa lililotajwa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mlango wa kwanza kugongwa utakuwa wa mwenye laini. Ukarimu ni sifa njema, lakini mwenye nyumba ajue aliyemkaribisha.

Ruta iliyotumika inunuliwe kwa tahadhari. Irudishwe katika hali ya kiwandani, na ihakikishwe kuwa mtengenezaji bado anatoa marekebisho ya programu yake. Isiyorekebishwa tena ni nyumba isiyo na komeo.

HITIMISHO

Ndugu wananchi, mpango uwe huu: kupima mawimbi kwanza, kuchagua kampuni pili, kununua ruta tatu, na antena pale inapohitajika tu. Muuzaji akubali kwa maandishi kuirudisha ruta ndani ya siku chache iwapo haikushika laini iliyokusudiwa, na risiti ihifadhiwe.

Fedha itakayookolewa kwa kuacha mapambo ya boksi inatosha kulipia vifurushi vya miezi kadhaa, na hicho ndicho anachokihitaji mwanafunzi wa Maretadu au Endasak anayesubiri kufungua somo lake usiku. Haraka haraka haina baraka. Nyumba inayopima kabla ya kununua hununua mara moja.