Nyumba Nyuma ya Duka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani, Tanga, jioni ya maadhimisho)



Kamati imeniomba niseme juu ya jambo ambalo vijana wetu huliuliza kila wanapomaliza masomo: je, ni heri kujiajiri au kuajiriwa? Nadhani nimechaguliwa kwa sababu nimeonja pande zote mbili. Nililelewa dukani, nikaajiriwa miaka ishirini na miwili kama mhasibu, na tangu hapo najitegemea kwa kazi hiyo hiyo. Lakini nawaomba ruhusa nisianzie ofisini wala sokoni. Nitaanzia jikoni, maana huko ndiko nilikojifunza hesabu ambazo chuo hakikunifundisha.

Nyumba yetu ya Ngamiani ilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulikuwa wa duka, mbao nane zilizoandikwa namba kwa chaki, zikitolewa moja moja asubuhi na kurudishwa kwa mpangilio ule ule usiku. Wa nyuma ulikuwa wa uani. Katikati palining'inia pazia la khanga iliyopauka, na maisha yetu yote yalipita chini ya pazia hilo. Baba alifungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akafunga saa mbili usiku. Hizo ndizo saa za duka zilizojulikana. Mama alianza saa kumi alfajiri, na hakuna aliyewahi kuniambia alifunga saa ngapi. Alipika, alifua, alifunga sukari na majani ya chai katika vipande vya gazeti, alisimama kwenye kaunta baba alipojinyoosha adhuhuri, na alikumbuka deni la kila nyumba mtaani bila kufungua daftari. Sisi watoto tulijua kurudisha chenji kabla hatujajua kusoma. Kazi za shule tulizifanyia juu ya gunia la mchele. Na sikumbuki mlo hata mmoja wa mchana tulioula sote watano kwa pamoja, isipokuwa siku za Diwali, kwa sababu kila tonge la kwanza lilikutana na sauti ya mtu anayepiga hodi dukani.

Majirani zetu mnajua kwamba wakati wa Diwali sisi huzindua madaftari mapya ya biashara. Daftari jekundu hufunguliwa mbele ya Lakshmi na Ganesh, likawekewa jani la tambuu, popoo na sarafu, na ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili yenye maana ya heri na faida. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilikaa na daftari la mwaka uliokwisha, nikatafuta jina la mama. Mlikuwamo jina la muuzaji wa jumla, la mchukuzi, la kila aliyekopa kibaba cha unga. Mama hakuwamo. Nilipomuuliza baba alicheka kwa upendo, akasema: "Mama yako ni mwenye duka, na mwenye duka hajilipi." Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi.

Hapa nataka kusahihisha jambo ambalo nalisikia mara kwa mara hata kwetu wenyewe. Husemwa kwamba sisi ni wana wa wale waliojenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya mwaka 1896 na 1901. Vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba walikuwa kama 32,000, na walio wengi walirejea kwao. Waliobaki hawakufika 7,000. Wazee wengi wa maduka walikuja kwa njia nyingine, kwa jahazi na kwa barua ya mjomba. Na hawakuja wakajiajiri siku ile ile. Kijana alifika, akalala juu ya magunia ya mtu wa kwao, akala chakula chake, akajifunza Kiswahili na mizani kwa miaka kadhaa, na mwishoni akapewa bidhaa kwa mkopo aende bara kufungua kibanda. Hata Allidina Visram, ambaye maduka yake yalienea hadi Uganda, alianza kijana mdogo pale Bagamoyo chini ya Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake lingali kwenye wodi ya Muhimbili. Kwa hiyo wazee wetu hawakuona kuajiriwa na kujiajiri kama dini mbili. Zilikuwa ngazi za nyumba moja. Ubishi huu wa "bora hiki, bora kile" ni wetu sisi tuliosoma.

Mapema katika miaka ya 1980, mnakumbuka, sabuni ilikuwa habari na sukari ilikuwa uvumi. Rafu za baba zilibaki na viberiti na kiwi ya viatu. Ndipo mama alipoanza kukaanga bajia na kachori uani na kuziuza kupitia dirisha la jikoni, na kwa miaka miwili tulikula na kulipa ada kwa dirisha hilo. Baba aliendelea kufungua duka kila siku saa kumi na mbili na nusu. Fedha ya bajia haikuandikwa popote. Aliichukulia kuwa mambo ya jikoni. Lakini ni yeye aliyeniita usiku mmoja akasema: "Wewe soma. Rafu inaweza kukauka, kichwa hakikauki." Nikasoma uhasibu, na mwaka 1989 nikaajiriwa.

Mshahara una utulivu ambao mtoto wa duka hauamini mwanzoni. Mwezi wa kwanza niliweka fedha zangu chini ya godoro nikingoja mtu aje kuzidai, kwa kuwa dukani kila shilingi iliyoingia ilikuwa tayari ya muuzaji wa jumla. Hakuja mtu. Nilitoka kazini saa kumi na moja jioni na kazi ikabaki kule kule. Tulikula pamoja, mume wangu na watoto, bila hodi. Na sheria nayo imekuja kuongeza nguvu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, na kwa ugonjwa siku 63 za mshahara kamili na nyingine 63 za nusu mshahara katika kipindi cha miezi 36. Sikilizeni orodha hiyo polepole, kisha mjiulize ni lipi kati ya hayo mama alilipata.

Utulivu huo una bei yake pia. Mwaka 2011 kampuni niliyoitumikia, ambayo sitaitaja, ilipunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwao nikiwa na miaka arobaini na mitano. Nilipokwenda kuulizia michango yangu nikakuta kwamba kwa miaka mitatu ya mwisho ilikatwa kwenye mshahara wangu lakini haikufikishwa. Mimi, mhasibu, niliyesahihisha vitabu vya watu wengine kila siku, sikuwahi kuomba taarifa ya akaunti yangu mwenyewe! Kuidai kulinichukua muda mrefu na machozi kidogo. Vijana mlioajiriwa, ombeni taarifa hiyo kila mwaka. Msione haya.

Nikaweka meza barazani na kuanza kutunza hesabu za wenye maduka, gereji na shule ndogo. Uhuru niliupata, sitakana. Niliweza kwenda shuleni kwa mwanangu saa nne asubuhi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Lakini katika mwaka mmoja nilikuwa nimejenga upya nyumba ya baba. Wateja walipiga simu tukiwa mezani. Stakabadhi zilikaa kwenye kabati la vyombo. Mume wangu, mtu wa maneno machache, alichukua simu yangu usiku mmoja akaizika ndani ya debe la mchele, na tangu siku hiyo hulala humo kuanzia saa kumi na mbili jioni, isipokuwa mwezi Juni wakati wa ritani za kodi. Kisha mwaka 2014 nikafanyiwa upasuaji wa mawe kwenye nyongo. Wiki sita sikuingiza hata senti. Wateja wawili walihama. Mmoja aliniletea kapu la maembe na makaratasi yake ndani ya kapu. Kitandani ndipo nilipoelewa maana ya zile siku 63. Nilipopona nilijiandikia mshahara, nikatenga akaunti ya kazi na ya nyumba, nikaanza kuchangia NSSF kwa hiari, na nikaweka likizo yangu kwenye kalenda ya ukutani mahali ambapo wateja wanaiona.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Baba alikuwa na msaidizi. Alianza dukani mwaka 1968 na alikuwa hapo hadi baba alipofariki mwaka 1999, miaka thelathini na mmoja. Yuko hapa jioni hii, ameketi upande wa majirani, na amenipa idhini niseme haya mradi nisimtaje jina. Ndiye aliyenifundisha kufunga kifurushi cha sukari kisimwage. Duka lilipofungwa, mimi na kaka zangu tulimpa cherehani na mishahara ya miezi mitatu, tukajiona wakarimu. Akaiweka cherehani ile kwenye baraza ile ile ya duka, akajiajiri, na kwa muda akawa na wateja wengi kuliko baba katika miaka yake ya mwisho.

Mwaka huo huo mama alijifunza maana ya kuwa mwenye duka. Akaunti ya benki ilikuwa kwa jina la baba peke yake. Ilibidi kwenda mahakamani, kuteua msimamizi wa mirathi, kutafuta vyeti na mashahidi. Miezi kumi na minne ilipita kabla ya yule aliyelisha nyumba kwa dirisha la jikoni kuweza kutoa fedha ya kununua mchele.

Mwaka 2016 macho ya yule msaidizi yaliingia ukungu, hakuweza tena kutunga uzi. Alikuja barazani kwangu. Hakuja kuomba msaada. Aliomba barua inayothibitisha kuwa alifanya kazi miaka thelathini na mmoja, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba mtu aliyefanya kazi muda huo lazima ana chochote mahali fulani. Nikatoa madaftari mekundu ya baba kutoka kabatini. Jina lake lilikuwamo, karibu kila mwezi. Lilikuwamo kwenye ukurasa wa madeni, pale alipochukua sehemu ya mshahara mapema. Mahali pengine popote, hakuna. Hakuandikishwa kwenye mfuko wowote, hata mwaka mmoja. Ilinibidi kumwambia. Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, basi mimi pale nilikuwa nani?"

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alimlipia ada mtoto wake, alikwenda kwenye misiba yake, walicheka pamoja kila siku. Ndiyo maana swali lile ni gumu. Sisi watoto tulikubaliana kumpa kiasi kila mwezi, tarehe moja, kwa daftari na kwa saini, na tunakiita malipo ya uzeeni. Tulichelewa miaka kumi na saba, na miaka hiyo hailipiki.

Wengi wetu katika ukumbi huu ni waajiri bila kujiita hivyo. Tuna kijana dukani, fundi kwenye gereji, dada jikoni anayetuamsha kwa chai. Tunawaambia wana wetu wajiajiri, na tunasahau kuuliza ni nani atakayepika, atakayefagia, atakayepima unga wakati wao wanajiajiri, na jina la mtu huyo litaandikwa ukurasa gani. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hulipa angalau nusu yake. Kwa mshahara wa msaidizi mmoja, ni fedha ambayo wengi wetu tunaitumia kwa fataki.

Mwanangu mkubwa aliajiriwa Dar es Salaam kwa miaka mitano, na mwaka jana akaamua kurudi hapa kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Aliniuliza kama anafanya vyema. Nilimjibu kwamba sijui. Nikamwomba tu anionyeshe daftari kabla ya kulizindua. Siku hizi hesabu zake zimo kwenye kompyuta, lakini kwa ajili ya Diwali alinunua jekundu, la kitambaa, kama ya babu yake. Baada ya maombi alimpelekea mama yangu, ambaye sasa ana miaka themanini na minne na haoni vizuri. Mstari wa kwanza chini ya yale maneno mawili ulikuwa jina la kijana anayemsaidia, na mbele yake mshahara na mchango. Mstari wa pili ulikuwa jina la mke wake, ambaye hushika hesabu na mauzo ya jioni, na mbele yake mshahara.

Mama aliuliza fedha hizo ni za nini. Akaelezwa. Akaomba miwani yake, akaliweka daftari karibu na taa, akasoma ile namba ya mkwe wangu mara ya pili. Kisha akasema ni ndogo.

Imeongezwa.