Tupange Matembezi ya Msituni Kabla Hatujakaribisha Wageni

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama, Mgwashi)



Nimeombwa nizungumze juu ya swali linaloulizwa sana vyamani: je, chama cha wakulima chaweza kupata pato kutokana na watu wanaokuja kutembea na kupumzika katika misitu yetu ya Usambara? Jibu langu ni kwamba chaweza, mradi mpango utangulie na kibao cha kukaribisha wageni kifuate.

Haja ya pato la pili haihitaji maelezo marefu.  Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, wakulima wengi waliona maana ya kutegemea zao moja na mlango mmoja wa kuuzia. Tena tunalo funzo la zamani. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao ua dogo la zambarau alilolikuta huku. Leo ua hilo hupandwa vyunguni duniani kote, na Wajerumani hulitaja kwa jina la Usambara. Jina limebaki letu. Biashara imekuwa ya wengine. Matembezi ya msituni nayo yatakwenda njia hiyo hiyo tusipojipanga.

Jambo la kwanza ni kujua msitu ni wa nani. Wengi husema "msitu wetu", lakini kisheria misitu haifanani. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, yenye zaidi ya hekta 9,000, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na viingilio vyake hulipwa huko. Mazumbai ulikuwa msitu wa familia ya Tanner, ukakabidhiwa Chuo Kikuu mwaka 1968, na sasa ni wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa mafunzo na utafiti. Ipo pia misitu ya vijiji, ambayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaitambua. Katibu asiyejua mpaka wa msitu asipokee hata shilingi moja ya mgeni, kwa sababu atakuwa anauza mali isiyo yake.

Jambo la pili ni kuugawa msitu kwa matumizi, kama mkulima anavyoligawa shamba lake. Sehemu ya kwanza ni ya kutoingiwa: vyanzo vya maji, mahali pa heshima za wazee, na makazi ya viumbe adimu. Kumbukeni kwamba yuko ndege mdogo asiyepatikana penginepo duniani ila Usambara Magharibi. Sehemu ya pili ni ya kuingia kwa vikundi vidogo pamoja na kiongozi. Sehemu ya tatu ni pembezoni, ambako watu wengi wanaweza kukaa, kula na kucheza. Hapo msiwafikirie wageni wa mbali peke yao. Watoto wa shule, vijana na wazee wetu nao wanastahili mahali pa kupumzika siku ya Jumapili.

Jambo la tatu ni njia. Anzeni na njia za zamani. Msikate mpya ila kwa sababu ya lazima. Njia inayoshuka mlima moja kwa moja huwa mfereji wakati wa masika: maji hukusanyika, hupata kasi, na baada ya misimu michache panakuwa na korongo. Njia njema hukata mlima kwa mshazari na ina michirizi ya kumwaga maji pembeni. Mvua zikizidi, njia ifungwe, hata kama mgeni yuko mlangoni na fedha mkononi. Mahali pa kulala kwa mahema na vyoo pasikaribie kijito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka chanzo cha maji. Vijito vingi vya upande wa Bumbuli hushuka hadi bonde la Lwengera. Uchafu wetu ni maji ya kunywa ya jirani.

Jambo la nne ni hesabu, na hapa nasema kama mkaguzi. Kwanza someni masharti ya chama chenu. Kama hayaruhusu shughuli hii, mkutano mkuu uyarekebishe na Mrajis ayaidhinishe. Waongoza wageni wawe na leseni. Kila mgeni apewe stakabadhi yenye nambari, na fedha hizi ziwe na daftari lake, zisichanganywe na malipo ya mazao. Chukueni mfano tu: mgeni akilipa shilingi 40,000 kwa chama, mkutano uwe umeamua zamani ni kiasi gani cha kiongozi, kiasi gani cha kutengeneza njia, kiasi gani cha kijiji na kiasi gani cha akiba. Mgawanyo ukiamuliwa baada ya fedha kuonekana, ugomvi huwa umekwisha kuingia.

Wapo waliotutangulia. Huko Bigodi, Uganda, kando ya msitu wa Kibale, wanakijiji walijiunga mwaka 1992 kulinda bwawa lao la asili na kuwatembeza wageni. Pato hilo lilisaidia kuanzisha shule ya sekondari. Hawakuwa na mlima mrefu kutushinda. Walikuwa na umoja, na mwanakijiji asiyetembeza wageni naye aliona faida, maana mtoto wake aliketi darasani.

Hilo ndilo jambo zito kuliko yote. Tunamwambia jirani asikate mkulo, asichunge ng'ombe ndani, asilime kando ya kijito. Akiona kwamba faida inaishia kwa vijana watano wanaojua Kiingereza, kwa nini atii? Msitu hulindwa na wengi. Usipowalisha wengi, mlinzi mmoja hautoshi.

Ndugu Makatibu, nawaombeni mambo matatu kabla ya mkutano mkuu ujao. Kwanza, andikeni barua kwa mwenye msitu mnaopakana nao kuuliza mipaka na masharti. Pili, tembeeni njia zote pamoja na wazee, mzichore katika karatasi. Tatu, leteni mbele ya wanachama mapendekezo ya mgawanyo wa fedha, yajadiliwe waziwazi. Chama kitakachokamilisha hayo matatu kitakuwa tayari kupokea mgeni wake wa kwanza. Kile ambacho hakijayakamilisha kisubiri. Msitu haukimbii, lakini ukiharibika hutauona tena katika umri wako.