Jimbo la Kamukunji: Watu Wake na Daftari Lao

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya jimbo moja la uchaguzi hapa mjini Nairobi, nasi tumechagua Kamukunji. Twajua ya kuwa mtumishi wa Serikali hana ruhusa kupanda jukwaani na kumpigania mtu wala chama, wala hatukuja hapa kwa kazi hiyo. Lakini kujua habari za mahali tunapolala na kuamka si siasa ya vyama. Ni wajibu wa kila mwananchi. Tena kazi yetu ni kazi ya madaftari, na historia ya jimbo hili, ukiichungua vema, ni historia ya daftari: ni nani aliyeandikwa, na ni nani aliyeachwa nje.

Kwanza tuwatazame watu wenyewe. Jimbo hili lina kata 5, yaani Pumwani, Eastleigh Kaskazini, Eastleigh Kusini, Airbase na California. Katika hesabu ya watu ya 1969 mpaka leo mji umepanuka pande zote, lakini Kamukunji imebaki mahali padogo, pasipozidi kilometa 12 za mraba. Na hesabu ya 2019 ilikuta humo watu 268,276.

Pumwani ndiyo mzee wa mitaa hii. Ilipimwa na wakubwa wa mji katika miaka ya mwanzo ya 1920, ili Waafrika waliokaa katika vijiji vya zamani vya Nairobi wahamishiwe mahali pamoja. Watu walipewa viwanja wajenge nyumba zao wenyewe kwa udongo na miti, na kwa hiyo pakaitwa Majengo. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu wenye kusema Kiswahili, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi waliojenga kwa fedha zao na kupangisha vyumba. Kijiji cha Pangani kilipovunjwa mwaka 1939, watu wake nao walihamishwa, wengine wakaingia nyumba mpya za Shauri Moyo.

Eastleigh ina asili nyingine. Hapo viwanja viliuzwa, na walionunua wengi walikuwa Wahindi, na pamoja nao wakakaa Wasomali waliofika Nairobi zamani, kabla Kenya haijawaza uhuru. Baada ya Serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 watu wengi zaidi walikuja, na biashara ikageuza sura ya mtaa. Nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge ikawa soko la maduka, na maghorofa mengine yakaifuata. Kwa hiyo jimbo letu lina mwenye nyumba wa Majengo, mchuuzi wa mitumba wa Gikomba, fundi wa jua kali anayegonga mabati, tajiri wa Eastleigh, askari wa kambi ya ndege, na karani kama sisi. Kabila moja haliwezi kusema, "Hapa ni kwetu peke yetu."

Sasa tuingie katika habari za kura. Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria alikuwa Bwana Eliud Mathu, mwaka 1944, naye aliteuliwa na Gavana; hakupigiwa kura na wananchi. Waafrika walipiga kura ya kuwachagua wajumbe wao mara ya kwanza mwezi Machi 1957, na siku hizo Nairobi yote ilikuwa jimbo moja kwao. Wanachama wenzetu, yafaa tukumbuke kura ile ilikuwa ya namna gani. Haikuwa mtu mmoja kura moja. Mtu alipimwa kwa elimu yake, mapato yake, mali yake, na miaka aliyotumika. Aliyetimiza mambo mengi aliweza kupata hata kura 3, na asiyetimiza hata moja hakupata kitu. Karani mwenye cheti cha shule na mshahara wa mwezi aliweza kumshinda kwa kura mama wa Majengo aliyejenga mji kwa mikono yake.

Kulikuwa na kizuizi kikubwa zaidi. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa, wakapelekwa vizuizini au wakarudishwa mashambani. Hata 1957 mtu wa makabila hayo hakuandikwa kuwa mpiga kura ila kwa cheti cha uaminifu. Basi walioamua juu ya Nairobi mwaka ule walikuwa wachache kuliko waliokaa Nairobi.

Walioshindana hasa walikuwa wawili. Mmoja ni Bwana Argwings-Kodhek, mwanasheria aliyewatetea wengi mahakamani katika siku za hatari. Wa pili ni Bwana Tom Mboya, kijana wa miaka 26, ambaye habari zake zatuhusu sisi hasa. Yeye alikuwa mkaguzi wa afya katika Halmashauri ya Jiji. Alichaguliwa kukiongoza chama cha watumishi Waafrika wa Halmashauri hiyo, chama kama hiki chetu, naye akakigeuza kuwa chama cha wafanyakazi chenye nguvu. Mboya alishinda kwa kura zisizotimia 400. Wote wawili walikuwa Wajaluo, na kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba kabila ndilo lililokata shauri.

Februari 1961 masharti ya kuandikwa yalikuwa yamelegezwa sana, na kila mtu alikuwa na kura yake moja. Mboya alisimama Nairobi Mashariki, na mpinzani wake alikuwa Daktari Munyua Waiyaki, Mkikuyu wa nyumba yenye jina. Wakikuyu ndio waliokuwa wengi katika daftari. Wenye kupiga hesabu ya makabila walikwisha kuitoa hukumu kabla ya masanduku kufunguliwa. Masanduku yalipofunguliwa, Mboya alikuwa na kura 31,407 na Waiyaki 2,668. Watu wa mji walikuwa wamemtazama mtu aliyewatetea habari ya mshahara na nyumba, hawakuuliza kwao ni wapi.

Hatusemi haya ili kuwapamba watu wa mji kwamba hawajui ukabila. La hasha. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa risasi mchana, katika barabara iliyoitwa Government Road, na msiba ule uliwatenga majirani waliokuwa wamekaa pamoja. Twasema tu kwamba ukabila si sheria ya maumbile. Watu huufuata wanapoona hakuna jambo jingine la kuwaunganisha, na huuacha wanapoliona.

Baada ya Mboya, mipaka na majina ya majimbo yalibadilishwa. Bwana Maina Wanjigi aliingia Bungeni mwaka 1969, na kwa miaka mingi aliisemea Kamukunji. Mwezi Mei 1990 kijiji cha Muoroto, kilichokuwa karibu na kituo cha mabasi ya kwenda mashamba, kilivunjwa na wakubwa wa Jiji, na watu maskini wakaachwa nje na vyombo vyao. Wanjigi alikuwa Waziri wa Kilimo, naye alilaumu tendo lile waziwazi. Alipoteza uwaziri wake. Watu wale hawakuwa na hati ya ardhi, lakini walikuwa na kura, na mjumbe wao alijua ni nani waliomtuma.

Miezi miwili haijapita, jina la Kamukunji likajulikana nchi nzima. Mabwana Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji siku ya 7 Julai 1990, kudai vyama vingi. Walikamatwa siku 3 kabla, lakini watu walikwenda uwanjani vivyo hivyo, na polisi wakawatawanya. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikafutwa. Hata leo Wakenya husema "kamukunji" wakitaka kusema mkutano wa siasa.

Katika uchaguzi wa 1992 jimbo lilimpeleka Bungeni mzee George Nthenge, Mkamba, mmoja wa wazee 6 walioanzisha FORD. Mwaka 1997 likamchagua Bwana Norman Nyagah, mwana wa Embu. Uchaguzi wa 2007 uliingia mabishano, ukatanguliwa, na wapiga kura wakarudi kwenye masanduku Septemba 2011. Wakamchagua Bwana Yusuf Hassan, Mkenya wa asili ya Kisomali. Desemba 2012 alivunjwa miguu na bomu hapo hapo Eastleigh, katikati ya watu wake. Naye alichaguliwa tena 2013, 2017 na 2022. Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, mwana wa Embu, Msomali: hiyo ndiyo orodha ya Kamukunji.

Lakini daftari halijaacha kuwa mlango mwembamba. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa waandikwe upya na kuonyesha cheti cha pekee, jambo ambalo majirani zao hawakutakiwa. Aprili 2014, katika msako wa Eastleigh, maelfu walichukuliwa hata uwanja wa michezo wa Kasarani, na miongoni mwao walikuwamo raia wenye vitambulisho. Asiye na kitambulisho wala pasipoti haandikwi kuwa mpiga kura. Basi kijana aliyezaliwa Pumwani, akizungushwa ofisi hata ofisi kwa ajili ya jina la babu yake, amenyimwa kura bila mtu kutamka neno "kura". Cheti cha uaminifu cha 1957 kilifutwa. Yatupasa sisi tukaao nyuma ya dirisha tuangalie kisirudi kwa jina jingine. Karani anayemwambia mtu "njoo kesho" bila sababu anakata kura kwa kalamu yake.

Tena kuna wengine ambao hawazuiliwi na mtu, bali wanajiacha wenyewe. Ni sisi. Wengi wetu twakaa mjini miezi 11 ya mwaka, watoto wetu wasoma hapa, maji machafu yapita mbele ya milango yetu. Lakini majina yetu yameandikwa shamba, kwa kuwa twasema kwamba kwetu ni kule. Kuheshimu kwa wazee ni jambo jema, na mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini diwani wa kata hamwogopi mtu ambaye hatampigia kura. Twalalamika juu ya taa na taka, naye akitazama daftari hatuoni humo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wanachama wenzetu, hatumwambii mtu amchague nani. Twaomba mambo mawili tu. La kwanza, kila mmoja atazame jina lake limeandikwa wapi, na kama maisha yake yako hapa, aombe lihamishwe hapa, na jirani yake amweleze jinsi ya kufanya hivyo. La pili, kila mmoja wetu akiwa kazini amwandikie mwombaji haki yake siku ile ile, awe wa Majengo au wa Eastleigh, ajue kusoma au asijue. Mama yule wa Majengo wa 1957 hakuwa na mtu wa kumwandika. Mjukuu wake anasimama dirishani petu leo.