Utoto wa Buyenzi na Watoto wa Leo

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ni vigumu kupata nyumba mtaani Buyenzi, hapa mjini Bujumbura, ambayo hayajasemwa ndani yake maneno haya: "Sisi zamani hatukuwa hivi." Baba huyasema amwonapo mwanawe ameinamia simu hata chai imepoa. Mama huyasema amwitapo binti mara tatu asiitike. Bibi naye huyasema pasipo sababu, kwa mazoea tu. Mtoto husikia, hunyamaza, kisha huirudia simu yake. Na aliyesema huona kwamba amefundisha, kumbe amelaumu tu.

Basi huo utoto wa zamani ulikuwaje? Wale waliozaliwa wakati mji huu ungali ukiitwa Usumbura, kabla ya uhuru wa mwaka 1962, huusimulia kwa utamu mwingi, tena wana haki. Wakazi wa Buyenzi walitoka kwingi: wengine Ujiji na Kigoma, wengine Uvira na Kasongo upande wa Kongo, na wengine milima ya Burundi yenyewe, na Kiswahili ndicho kilichowafanya wasikilizane. Barabara zake zilinyoshwa na kupewa namba, lakini mtoto aliyetumwa hakutumwa kwa namba, alitumwa kwa mama fulani. Watoto walikwenda chuoni na mbao zao, wakaandika kwa wino uliokorogwa kwa masizi, na somo lilipohifadhiwa ubao ukaoshwa. Alasiri ulikuwa mpira wa matambara. Usiku zilionekana ziwani karabai za wavuvi, moja baada ya moja, kama mji mwingine ulioota juu ya maji.

Dagaa, ambao hapa huitwa ndagala, hufuata mwanga. Kwa hiyo wavuvi huwatafuta katika usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu hupumzika, kwani taa hazina nguvu tena. Hivyo kwa mtoto wa Buyenzi mbalamwezi ilikuja na mambo mawili pamoja: kitoweo kilipungua jikoni, na kombolela ikazidi uwanjani.

Tena mtoto alikuwa wa kila mtu. Aliyetoa tusi katika avenyu ya tano alichapwa na mzee wa avenyu ya tano. Habari zikamtangulia nyumbani, na alipofika akachapwa mara ya pili. Na njaa ilipomkuta kwa jirani, alinawa akakaa kwenye sinia, wala hakuna aliyemwuliza kabila lake wala jina la baba yake.

Hayo yote ni kweli. Lakini mara nyingi wanaoyasifu ni wanaume. Mwanamke wa umri ule akiulizwa, hutaja kwanza foleni ya maji bombani, ndoo kichwani na ndugu mdogo mgongoni, na kaka aliyepelekwa shule huku yeye akibaki na jiko la makaa. Hutaja pia surua, ambayo kabla chanjo yake haijaenea iliingia nyumba yenye watoto watano isitoke bure. Utoto ule ulikuwa mwepesi kwa vitu, maana vitu vyenyewe havikuwapo. Lakini haukuwa mwepesi kwa aliyeubeba. Mtoto wa leo ana akili ya kutambua kwamba anasimuliwa nusu ya habari, na hiyo ni sababu moja ya kutosikiliza.

Iko sababu nyingine, kubwa zaidi. Baba wa leo mwenye miaka arobaini hivi, asemapo "sisi zamani", husema habari ya zamani isiyokuwa yake. Yeye hakucheza kombolela hadi usiku wa manane. Alikuwa mtoto Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, na baada yake vikaja vita vya miaka mingi. Amri ya kutotembea usiku iliendelea hapa mjini hata mwaka 2006. Utoto wake ulikuwa wa kuwahi nyumbani kabla jua halijatua, na kulala sakafuni risasi ziliposikika. Huo hausimulii. Badala yake huazima utoto wa babaye, ule wa mbalamwezi na mpira wa matambara, akamfundishia mwanawe kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa uwanjani. Si uongo wa kukusudia. Ni mtu aliyekosa kitu akakipenda kwa kukisikia. Ila mtoto hawezi kumjua babaye kwa njia hiyo.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Katika miaka ile ya vita mitaa mingi ya Bujumbura ilijitenga, huku Wahutu na huku Watutsi, na aliyebaki upande usiokuwa wake alibaki kwa hatari ya roho yake. Buyenzi haikujitenga. Watu wa pande zote mbili waliendelea kukaa humo, na waliofukuzwa kwingine wakaja kutafuta mahali pa kulala. Haimaanishi kwamba watu wa Buyenzi waliumbwa kwa udongo mwingine. Wezi walikuwapo, na wenye chuki pia. Lakini ni shida kumkana jirani ambaye mama yake alikupa chakula, aliyeketi nawe chuoni kwenye mkeka mmoja, na ambaye babaye alikuchapa kwa tusi ulilotoa. Sinia lile na fimbo ile, ambavyo wazee huvitaja leo kwa kucheka, vilikuwa vimefanya kazi kimyakimya kwa miaka thelathini kabla haijaonekana faida yake.

Hili ndilo ambalo vijana wengi wa Buyenzi hawajaambiwa. Wameambiwa habari za miguu mitupu na koroboi. Wameambiwa kwamba zamani adabu ilikuwapo. Hawakuambiwa ni nani aliyelala chumba cha nyuma mwezi ule wa Oktoba, wala aliyempikia. Wazee hunyamaza kwa sababu kumbukumbu hizo zinauma, na kwa sababu wengine waliokolewa na wengine hawakuokolewa. Kunyamaza huko kunafahamika. Lakini gharama yake ni kwamba mtoto hupokea lawama na hakupata urithi.

Kuna na habari ya lugha. Wengi wa wazazi hawa walipokuwa shuleni walichekwa kwa Kiswahili chao, maana katika Kirundi neno "Mswahili" liliweza kuwa na maana ya mtu mjanja, asiyeaminika. Walipopata watoto, baadhi yao wakaona heri nyumbani kisemwe Kifaransa. Burundi ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kile kile kikaanza kutafutwa na wafanyabiashara na wenye vyeo. Sasa yuko mtoto anayejifunza Kiswahili darasani, kwa kitabu, ilhali bibi yake amekaa nacho kibarazani mchana kutwa na hakuna anayemwendea. Hapo nani wa kulaumiwa, mtoto au waliomchagulia lugha? Hata simu hakuinunua yeye. Na mzazi mwenyewe, mara nyingi, huitumia yake mezani kuliko mwanawe.

Mtu aliyekuwa na miaka thelathini mwaka 1993 amekwisha kupita sitini. Aliyekuwa na hamsini, kama yu hai, amepita themanini. Wapo waliohamia Kanada na Ulaya, na huko wajukuu wao hawaijui Buyenzi ila kwa picha. Simu inayolaumiwa kila siku ina uwezo wa kuhifadhi sauti ya mzee kwa saa nzima, na mtoto wa miaka kumi na miwili anajua kuitumia kuliko babaye.

Basi apelekwe kwa bibi yake baada ya Alasiri, na babaye akae naye, asikilize pia, maana yapo ambayo hata yeye hajayasikia. Waulize kwanza yaliyo mepesi: nyumba hii ilijengwa na nani, jirani wa kulia alitoka wapi, maji yalichotwa bomba gani. Kisha, bibi akishazoea, waulize usiku ule ni nani waliogonga mlango, ni nani aliyeinuka kufungua, na walikula nini.

Wabillahi tawfiq.