Nyumba Hujengwa kwa Vipande: Mkopo wa Makazi Unaoweza Kukubaliwa Lubutu



Mada ya leo inauliza mtu afanye nini ili ombi lake la mkopo wa nyumba likubaliwe. Kwa Lubutu yetu, hapa Kongo, naona swali hilo linamtwisha mwombaji mzigo usio wake. Mkopo wa nyumba kama unavyojulikana Nairobi au Dar es Salaam ni huu: benki inalipa karibu bei yote ya nyumba, inaishika nyumba hiyo rehani, na mnunuzi analipa kidogo kidogo kwa miaka 15 au 20. Mkopo wa namna hiyo hauwezi kukubaliwa hapa hata mwombaji akiwa mwaminifu kupita wote na mchapakazi kupita wote. Unaoweza kukubaliwa, na ambao nadhani tunapaswa kuudai kwa sauti moja, ni mkopo mdogo wa hatua: wa tole, yaani bati za paa, wa simenti ya msingi, wa matofali ya kuchoma, wa gharama za kuandikisha parseli. Huo unalipwa kwa mwaka mmoja au miwili, kisha unafuatwa na mwingine.

Kikwazo cha kwanza kiko kwenye sheria yenyewe. Sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya ardhi yote ya nchi kuwa mali ya taifa. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na sertifika inayotolewa na konservateri. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na kanuni za umoja huo kuhusu dhamana za mikopo zinataka, kwa kawaida, mali isiyohamishika iwe imesajiliwa ndipo iweze kuwekwa rehani. Kwa hiyo meneja wa benki anayekataa parseli isiyo na sertifika hana roho mbaya. Rehani yake isingesimama mahakamani. Na ardhi ya mila, ambayo ndiyo wengi wetu tunaishi juu yake? Ibara ya 389 ya sheria hiyohiyo ilisema haki zake zitapangwa kwa agizo la Rais. Miaka 50 ilipita tangu 1973 bila agizo hilo kutoka. Katika muda wote huo watu wameuziana, wamerithishana na wamejenga kwa karatasi walizonazo: mapatano ya mauzo yaliyoandikwa kwa kalamu, majina ya mashahidi, alama mbili tatu za kidole gumba, muhuri wa shefu wa kartie, vyote vimekunjwa mara nne na kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili mvua isivifikie. Majirani wanaiheshimu karatasi hiyo na mipaka yake wanaijua mti kwa mti. Benki haiwezi kuipokea. Ongezeni umbali: kwa barabara ya taifa namba 3, Kisangani iko kilomita 240 hivi kutoka hapa na ndiko biashara yetu inakoelekea, lakini faili za ardhi hufuata jimbo, na makao makuu ya jimbo letu ni Kindu, ng'ambo ya msitu.

Tuseme sasa kwamba sertifika imepatikana. Benki itauliza kipato. Kwa desturi haitaki malipo ya mwezi yapite theluthi ya mshahara. Tuchukue mfano wa dola 15,000 kwa miaka 15, riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Malipo ni dola 180 kila mwezi, na mwisho wa safari mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya dola 32,000. Ili dola 180 ziwe theluthi, mshahara lazima ufike dola 540, na ufike kila mwezi bila kukosa. Kila mwalimu na kila muuguzi aliyekaa humu ndani anaweza kujipimia mwenyewe. Muuza mafuta ya mawese na mkulima wa mpunga hawatapimwa kabisa, kwa sababu fedha zao huja kwa msimu na hakuna karatasi inayozionyesha.

Hata mwenye mshahara huo anakutana na ukuta wa tatu, nao ni historia ya fedha yetu. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire milioni tatu za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Aliyekuwa na akiba benki alibaki na namba kwenye kitabu. Tangu hapo watu huweka fedha kwa muda mfupi, na benki haiwezi kumkopesha mtu kwa miaka 15 fedha ambazo mwenye akiba anaweza kuzidai kesho asubuhi. Mwezi Agosti 2023 Benki Kuu ililazimika kupandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25 ili kuilinda franka. Juu ya riba kama hiyo hakuna mkopo wa nyumba kwa franka unaobebeka. Majirani waliokuwa na utulivu kuliko sisi nao hawakufika mbali. Benki ya Nyumba ya Tanzania ilifungwa mwaka 1995. Kenya iliunda mwaka 2018 kampuni maalumu ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya rehani, na bado rehani za nchi nzima, yenye watu zaidi ya milioni 50, hazijafika 40,000. Mlango huo hata kwao ni mwembamba.

Lakini nani hapa hununua nyumba nzima? Nyumba za Lubutu hujengwa. Kuta za udongo zinasimama mwaka huu juu ya fito; paa la majani linafuata na kubadilishwa kila linapooza; mwenye nyumba ananunua tole moja akipata, mbili akiuza vizuri, anazilaza chini ya kitanda hadi zitoshe chumba kimoja. Baadaye udongo unayaachia matofali nafasi. Ujenzi huu una mpangilio wake, na kila kipande kina bei ambayo mtu wa kipato chetu anaweza kuilipa. Kinachomwangusha ni muda. Miaka mitatu ya kungojea tole ya mwisho ni miaka mitatu ya mvua ya msituni juu ya kuta za udongo, na ukuta uliopata maji hurudishwa kwa gharama ileile ya kwanza. Mkopo wa hatua unafupisha miaka hiyo kuwa wiki. Bangladesh waliliona hili zamani. Mwaka 1984 Benki ya Grameen ilianza kutoa mikopo midogo ya nyumba kwa wanakijiji, wengi wao wanawake, ambayo msingi wake ulikuwa nguzo nne za zege, bati za paa na choo. Kuta mtu alijaza kwa alichonacho. Mwaka 1989 mpango huo ulipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Walioanza hawakuanza na nyumba iliyokamilika. Walianza na paa lisilovuja.

Kuna watakaosema mikopo midogo ndiyo inayozamisha watu. Hoja hii ni nzito na sitaipita kwa haraka, kwa sababu mara nyingi ni kweli, na ukweli wake umejificha kwenye namna ya kuhesabu riba. Tuchukue dola 480 kwa miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, malipo yanaanza dola 29.60 na kushuka hadi 20.40, na riba yote ni dola 120. Ikihesabiwa juu ya mkopo wa mwanzo hadi siku ya mwisho, mtu analipa dola 29.60 kila mwezi na riba inakuwa dola 230.40. Asilimia iliyotajwa ni ileile. Mzigo karibu mara mbili. Nasisitiza: swali hilo liulizwe kabla ya kidole kuchovywa wino. Vilevile anayeuza kwa franka asikubali deni la dola pasipo kujua kwamba franka ikianguka deni lake limepanda, na kalenda ya malipo ifuate mavuno. Vikundi vyetu vya AVEC, vya kuweka akiba na kukopeshana, vinafanya mengi ya haya vizuri, na likelemba, michango yetu ya zamu, pia. Udhaifu wao ni mmoja: AVEC hugawana fedha zote mzunguko unapokwisha, kwa kawaida baada ya mwaka, kwa hiyo haiwezi kubeba deni la miezi 24. Hapo ndipo kopeki, yaani ushirika wa akiba na mikopo, inapohitajika, kikundi kikiwa mdhamini wa mwanachama wake.

Wengine watasema tusubiri sertifika zitolewe kwa wote, ndipo benki zitakuja. Peru ilisajili viwanja vya mijini kwa wingi tangu miaka ya 1990, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba benki za binafsi hazikuongeza kukubali maombi kwa sababu ya hati hizo. Hati ni njema kwa sababu inamlinda mjane na yatima dhidi ya shemeji mwenye tamaa. Hiyo peke yake inatosha kuitafuta. Lakini hailipi mshahara wala haitulizi franka. Wazee wa ardhi wana hofu tofauti, kwamba rehani itaingiza wageni kwenye ardhi ya ukoo kwa mlango wa deni. Mkopo wa hatua unaiheshimu hofu hiyo: dhamana yake ni kikundi na tole zenyewe, na anayeshindwa kulipa hapotezi parseli. Akina mama wajue pia kwamba Sheria ya Familia ilirekebishwa mwaka 2016, na ile ruhusa ya mume ambayo mke alitakiwa kuwa nayo iliondolewa. Kikundi kinachomnyima mama fomu kwa sababu hiyo kinatumia sheria iliyokufa.

Nasikia pia hoja kwamba serikali ndiyo ijenge. Ofisi ya miji ya Waafrika iliyoundwa mwaka 1952 ilijenga kweli, na Bandalungwa na Matete ziko hadi leo, mjini Kinshasa. Hatuwezi kuendelea kuisubiri serikali ifike hapa.

Naomba basi kikao hiki, kabla hakijafungwa, kiteue watu watatu, mmoja wao awe mama wa AVEC, waende kwa kopeki iliyo karibu na maswali manne yaliyoandikwa: riba inahesabiwa juu ya nini, deni ni la franka au la dola, malipo yanaweza kufuata mavuno ya mpunga, na karatasi yenye muhuri wa shefu wa kartie inapokelewa kama ushahidi wa makazi? Majibu yasomwe hapa, mbele yetu sote.