Mwanafunzi na Maabara ya Kemia
Mwanafunzi wa chuo aingiapo katika maabara ya kemia, na avae koti la pamba na miwani ya kukinga macho. Asile humo, asivute dawa kwa mdomo, wala asifanye kazi peke yake. Atakapo kupunguza ukali wa asidi ya sulfuriki, aimimine asidi katika maji kidogo kidogo. Asitie maji katika asidi, kwa maana joto huzuka ghafula, maji yakachemka na asidi ikamrukia usoni. Likitokea hilo, aoshe macho mara moja kwa maji mengi, muda wa dakika 15, huku mwenzake akimwita mwalimu. Asifiche ajali kwa kuona haya: aibu ya kosa hupita, bali jicho lililopofuka halirudi.